Picha Kabla ya Mche: Kazi ya Bustani Nairobi na Dar es Salaam

Biashara ya kutengeneza bustani za nyumba na ofisi ilikulia kando ya barabara. Wanaoikumbuka miaka ya 1990 wanakumbuka vitalu vya Barabara ya Ngong jijini Nairobi na vya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam: miche kwenye mifuko myeusi ya plastiki, makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, vyungu vya saruji, na mwenye kitalu chini ya kivuli akisubiri gari lipunguze mwendo. Mteja alishuka, akaonyesha kwa kidole, akauliza bei. Alinunua alichokiona. Kama mwashoki ulikuwa na urefu wa mtu, ndio huo uliopakiwa kwenye pikapu.

Vipimo vilichukuliwa kwa futikamba na vigingi, au kwa hatua za miguu. Mchoro, ukiwepo, ulichorwa ardhini kwa kijiti. Programu ya AutoCAD ilikuwa imetoka tangu mwaka 1982, lakini ilibaki kwenye ofisi za wasanifu majengo, na fundi wa bustani aliitwa baada ya wao kumaliza, mara nyingi fedha zikiwa zimekwisha. Google Earth ilipotoka mwaka 2005, mwenye kazi aliweza kuona kiwanja kwa picha za setilaiti kabla ya kukifikia. Kisha simu janja zikaenea, na WhatsApp ikawa kitalu cha pili: picha za miche zilitumwa asubuhi, bei zikajadiliwa mchana, na malipo yakaingia kwa simu jioni.

Akili mnemba iliingia kwanza kimya kimya, kwenye kutambua mimea. Programu ya Pl@ntNet, iliyotolewa mwaka 2013 na taasisi za utafiti za Ufaransa, hulinganisha picha ya jani au ua na picha nyingi zilizochangwa na watumiaji, kisha hutaja mimea inayofanana nayo na kiwango cha uhakika wa kila jibu. Kwa kijana anayejifunza kazi huo ni msaada mkubwa, maana zamani jina la mmea lilijulikana kwa kumuuliza mzee wa kitalu tu, na mzee hakuwepo kila siku. Hata hivyo mche mchanga usio na ua huipa programu shida. Hapo kosa linaweza kuwa la hatari: oleanda, iwe ya maua ya rangi ya waridi au ile ya maua ya manjano inayopandwa kama ua wa nyumba, ina sumu, na haifai kukaa mahali wanapochezea watoto wadogo. Jibu la simu kuhusu mmea wa aina hiyo lazima lithibitishwe na mtu anayeujua.

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu ya mazungumzo ya ChatGPT, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipoguswa. Badiliko lenye uzito zaidi limetokea kwenye makaratasi. Hoteli, shule au ubalozi unaotafuta mtunza bustani hudai barua ya maombi, makadirio ya gharama na ratiba ya matunzo, mara nyingi kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi mafundi hodari, wenye mikono inayoweza kuotesha kijiti kikavu, walifanya kazi kama vibarua wa kampuni ambazo sifa yao kubwa ilikuwa kuwa na mtu wa kuandika barua. Leo fundi anaieleza programu hiyo kazi yake kwa Kiswahili, hata kwa sauti, na dakika chache baadaye ana barua iliyonyooka. Mlango uliofungwa kwa sababu ya lugha umefunguka, na hilo ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la teknolojia.

Hesabu zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu programu hizi huandika namba yenye kosa kwa ufasaha uleule wa namba sahihi. Ukoka wa mita za mraba 200 unaowekewa udongo mzuri wa kina cha sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 20. Ukinyweshwa maji ya kina cha milimita 5, umekunywa lita 1,000 kwa mara moja. Hizi ni hesabu za darasani, na fundi anayezijua hukamata kosa kabla lori halijafika. Asiyezijua hulipia kosa hilo mfukoni mwake.

Kisha kuna picha. Programu za kuchora kwa akili mnemba zilienea mwaka 2022, na sasa mteja hupiga picha ya uwanja wake mtupu, akaandika maneno machache, akapata bustani iliyokamilika: njia za mawe, miti iliyokomaa, nyasi zisizo na doa. Faida yake ni ya kweli. Mume na mke waliobishana mwezi mzima kuhusu mahali pa kibanda wanaweza kukubaliana jioni moja, na fundi anajua wanachotaka kabla ya kuchimba. Ila picha huonyesha mti wa miaka 15 kana kwamba utakuwepo wiki ijayo, na mara nyingi huijaza bustani ya Mbezi, Dar es Salaam, kwa lavenda na vichaka vinavyopenda baridi ya Ulaya. Zamani fundi aliuza mmea alionao. Siku hizi huanza kwa kueleza kwa nini mmea uliochorwa hautaishi, na maelezo hayo nayo ni sehemu ya ufundi, yanastahili kulipwa.

Ushauri wa maandishi una udhaifu wa jinsi hiyohiyo. Programu ikiulizwa bila kutajiwa mahali, huweza kushauri kupanda katika majira ya kuchipua, ilhali fundi wa hapa huhesabu masika na vuli. Huweza pia kuichanganya Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na pwani ya joto na mchanga. Nyasi za kikuyu hustawi nyanda za juu, wakati bustani za pwani hutegemea zaidi nyasi za Pemba. Hata Nairobi na viunga vyake, udongo mwekundu wa Karen haufanani na udongo mweusi wa Syokimau, ambao hutuama maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Maarifa ya namna hiyo hupatikana kwa kujaribu. Mwaka 1971, katika machimbo ya kampuni ya saruji ya Bamburi karibu na Mombasa, René Haller alianza kupanda miti mahali palipobaki mwamba mtupu. Alijaribu aina 26, zikasalimika tatu, mvinje na mnazi zikiwamo. Majani ya mvinje yalikataa kuoza mpaka walipoletwa majongoo, ambao waliyala na kuanza kutengeneza udongo. Leo mahali hapo ni bustani inayobeba jina lake. Programu inaweza kusimulia habari hii kwa sababu iliandikwa. Yale ambayo wenye vitalu wa kando ya barabara wameyajua kwa maisha yao yote, mche upi hufa Syokimau na upi huvumilia upepo wa chumvi wa Kunduchi, sehemu kubwa hayajaandikwa popote, na hakuna mashine inayoweza kuyatoa.

Kwa hiyo kila mwenye kazi hii na aweke daftari la kila bustani: mmea uliopandwa, tarehe, aina ya udongo, maji yaliyotumika, kilichokufa na kilichopona. Na vijana wakae na wazee wa vitalu wayaandike wanayoyajua, kwa Kiswahili, wakati wazee hao wangali hai.