Mbogo wa Kamiti na Bunduki za Starehe

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Thika hupita Kahawa, kisha Ruiru, kisha Juja, na pande zote mbili haoni ila nyumba za ghorofa, maduka, na mashamba ya kahawa yanayozidi kupungua. Ni vigumu kwake kusadiki kwamba nchi hii ilijaa makundi ya kongoni, punda milia na nyumbu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, wala si zamani sana.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka katika urais wa Marekani, alifika huku pamoja na mwanawe Kermit. Alikaribishwa Juja katika shamba la William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani, na upande wa Ruiru aliwinda mbogo katika mafunjo ya mto Kamiti. Katika safari yao yote ya Afrika, baba na mwana waliua wanyama 512.

Wako watu wasemao kwamba wawindaji wa starehe humfaa mkulima: wanyama wakizidi hula mazao, na mtu alipaye ada ili awinde huwapunguza bila kuigharimu serikali. Neno hili si la kudharauliwa. Huko Marekani, paa wengi wazidio kiasi hupunguzwa kila mwaka na raia wenye leseni.

Lakini tukiyatazama mambo ya nchi hii ya Thika na Ruiru, twaona tofauti. Mwindaji wa starehe huchagua. Hutaka pembe ndefu, simba dume, na mbogo mkubwa. Ni nani atakayevuka bahari ili apige nungu au tumbili? Na hao, pamoja na nguruwe mwitu, ndio walao jasho la mkulima mdogo. Kazi ngumu ya kuwapunguza wanyama ili watu wapate kulima iliachiwa watumishi wa Idara ya Wanyama. Kule Makueni, katika miaka ya 1940, J. A. Hunter aliua mamia ya vifaru kwa amri ya Idara hiyo, ili nchi ipate kukaliwa na Wakamba. Hiyo haikuwa starehe hata kidogo.

Tena haki haikuwa sawa. Mgeni mwenye fedha alinunua leseni yake, naye Mwafrika aliyewinda kwa upinde bila leseni alihesabiwa mhalifu. Basi mwenye shamba hakuwa mwenye bunduki, na mwenye bunduki hakuwa na shamba la kulinda.

Ukitoka Thika kuelekea mashariki utauona Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo. McMillan, aliyefariki mwaka 1925, amezikwa juu yake. Mwaka 1967 mlima huo ulifanywa hifadhi ya taifa, na mbogo wangali wamo katika msitu wake. Chini yake kuna mashamba ya watu, na karibu yapo maporomoko ya Fourteen Falls katika mto Athi. Hapo mnyama na mkulima ni majirani, wapende wasipende.

Je, wawindaji warudishwe? Serikali ya Kenya ilikataza kuwinda tembo mwaka 1973, na mwaka 1977 ikakataza uwindaji wote wa starehe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliendelea na katazo hilo, ikaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, na fidia ya mazao pia. Lakini mkulima na aangalie sana: sheria hiyo yasema kwamba asiyejitahidi kuyalinda mazao yake hatalipwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ushauri wetu ni mfupi. Usiingoje bunduki ya mgeni, kwa maana hata ilipokuwapo haikuja kwa ajili ya mahindi yako. Shirikianeni na jirani zenu kujenga ua na kulinda kwa zamu. Mnyama akiharibu, pelekeni habari upesi kwa maofisa wa wanyamapori, kabla nyayo hazijafutika. Kidole kimoja hakivunji chawa.