Kompyuta ya Gari Haijakufa, Haijasikika Tu

Wacha niseme hili mapema ndio tusipotezeane wakati. Hapa Kware, na ukipanda juu Pipeline mpaka upande wa Outering, kuna watu wanauziwa vipuri kuchukua nafasi ya vipuri ambavyo havikuharibika. Sisemi mafundi wetu ni wezi. Wezi wapo, lakini wezi wako kila kazi. Shida ninayoiona mimi, na mimi hushinda kwenye gereji za kando ya barabara nikirekodi video, ni nyingine: magari yalianza kuongea kitambo, na sisi bado tunayatibu kama yale ya zamani yaliyokuwa kimya.

Kama unaendesha gari la mkopo, soma hadi mwisho. Hii ni yako zaidi.

Gari la siku hizi, hata kale kadogo ka Kijapani unakoona kila kona, lina kompyuta kadhaa. Kuna ya injini, ya gia boksi, ya breki za ABS, ya usukani wa umeme, ya dashibodi na nyingine za milango na taa. Mafundi huziita moduli. Kila moja inategemea wenzake. Moduli ya ABS ndiyo inasoma vile magurudumu yanazunguka. Habari hiyo ya kasi inahitajika kwenye dashibodi ili mshale upande, na kwenye usukani ili uwe mwepesi ukiegesha na mzito kidogo ukiwa kwa barabara kubwa. ABS ikinyamaza, unaona taa tatu, nne zimewaka pamoja, na kila moja inaonekana kama ugonjwa wake.

Zinaongea kupitia nini? Kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1983, ikautangaza Detroit mwaka 1986, na mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba kuingia nchini likiwa limepita miaka minane. Maana yake ni kwamba gari linaloshuka Mombasa leo karibu lazima liwe na CAN. Hii si teknolojia ya matajiri wa Runda. Iko chini ya dashibodi ya teksi inayokupeleka Imara.

Fikiria lile grupu la WhatsApp la ploti yenu. Wote mko humo: keretaka, mama wa duka la chini, wapangaji wa kila orofa. Mtu akiandika, wote wanaona, kisha kila mtu anachukua linalomhusu. CAN iko hivyo. Sasa keretaka akikaa siku nzima bila kuandika chochote, watu wataanza: "Keretaka amepotelea wapi?" Labda ni mgonjwa. Lakini pia labda simu yake haina chaji. Labda netiwaki imepotea upande wake. Au kuna mtoto ameshika simu ya mtu na anamwaga stika elfu moja, mpaka hakuna ujumbe wa maana unaopenya. Kunyamaza ni kumoja, sababu ni nne. Je, utatafuta keretaka mpya kabla hujapanda ngazi kumgongea mlango?

Hapo ndipo tunapokosea na magari. Ukichomeka skana, gari linakupa kodi, na simaanishi ile ya KRA. Kodi zinazoanza na P ni za injini na gia, B ni za bodi, C ni za chasisi, na U ni za mawasiliano. U0100 inasema hakuna habari kutoka kwa kompyuta ya injini. U0101 ni gia boksi. U0121 ni ABS. U0131 ni usukani wa umeme. Angalia maneno vizuri: "hakuna habari kutoka kwa". Haijasema "imekufa". Na kodi hiyo haiandikwi na moduli iliyonyamaza. Inaandikwa na zile zilizoingoja zikachoka. Ni ushahidi wa majirani, na majirani wanajua tu kwamba mlango haukufunguliwa.

Jirani yangu ni dereva wa teksi ya mtandaoni. Gari ni la mkopo, na malipo yanatoka kila Jumatatu, ulifanya kazi ama hukufanya. Mwaka 2024, miezi kadhaa baada ya yale mafuriko ya Aprili yaliyoingia mpaka vyumbani Mukuru na huku kwetu, gari lake likaanza vituko. Yuko Outering na abiria, usukani unakuwa mzito ghafla, mshale wa kasi unaanguka sifuri, dashibodi inawaka kama nganya ya Rongai usiku. Dakika mbili baadaye kila kitu kinarudi sawa. Usukani ukizama hivyo ukiwa unakata kona mbele ya lori, hiyo si shida ya kipuri tena.

Gereji ya kwanza ilichomeka kidude cha Bluetooth, ikaona U0121, ikatoa hukumu: "Bosi, ABS imekufa. Tafuta ingine Grogan." Bei aliyopewa ya moduli ya mtumba ilikuwa 38,000. Alikuwa na 11,000 mkononi, na Jumatatu ilikuwa siku mbili mbele. Alikuwa ashaanza kupigia watu simu akiomba.

Kabla hajapata pesa hizo, tulienda kwa mzee mmoja fundi wa umeme ambaye huwa namrekodi. Nitawaeleza alichofanya kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio ujuzi wenyewe.

Kwanza hakugusa ABS. Alipima betri. Betri iliyochoka ikishuka volti wakati wa kuwasha, moduli zinaweza kuzimika kidogo na kuandika kodi za U kibao ambazo hazina maana yoyote. Betri ilikuwa 12.5, ikapita.

Pili, alisoma moduli zote. Vile vidude vya bei rahisi, ukivitumia na programu za bure, mara nyingi vinasoma injini peke yake. Ni kama kwenda kuuliza habari za ploti nzima kwa mlango mmoja. Skana yake ilionyesha injini, gia boksi na dashibodi zinajibu. ABS na usukani zilikuwa zinapotea kisha zinarudi, na zinapotea pamoja. Akaniangalia akasema, "Kijana, wawili hawafi siku moja saa moja. Hao wamekatiwa njia."

Tatu, alipima kama moduli hizo mbili zinapata stima. Fyuzi nzima, moto unafika, waya wa kurudi kwenye bodi ya gari uko sawa. Kwa hivyo si njaa.

Nne, akaenda kwenye soketi ya skana chini ya usukani. Nyaya mbili za CAN ziko pini ya 6 na ya 14. Alitoa kichwa cha betri, akangoja dakika chache moduli zilale, kisha akaweka multimita kwenye omu. Hapa kuna hesabu moja ambayo kila mwenye gari anaweza kuielewa. Kila mwisho wa nyaya hizo kuna rezista ya omu 120. Kazi yake ni kumeza ishara ikifika mwisho, isirudi kama mwangwi kwenye ngazi za ploti. Rezista mbili za 120 zikiwa sambamba, multimita inasoma karibu 60. Ukipata 60, njia ni nzima. Ukipata 120, mwisho mmoja hauonekani, yaani kuna waya umekatika ama rezista moja haipo. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ukipata kama 40, kuna mtu ameongeza kitu ambacho hakikuwa hapo.

Ilisoma 60. Jirani yangu akakata tamaa, akidhani sasa ABS ndiyo kweli. Mzee hakusema kitu. Aliacha multimita imeshikilia, akaanza kutikisa nyaya chini ya dashibodi, fungu moja baada ya lingine. Alipofika upande wa miguu ya abiria, namba ikaruka 120. Akaachilia, ikarudi 60. Akatikisa tena, 120.

Alivua zulia. Chini yake kulikuwa na mahali ambapo aliyeweka traka ya mkopo alikuwa amekata nyaya za CAN, akazisokota kwa mkono na kuzifunga na tepu. Tepu ilikuwa imeshikilia maji tangu mafuriko. Shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani na kubaki unywele mmoja mmoja. Gari likipita bampu, mawasiliano yanakatika. Likitulia, yanarudi.

Alikata sehemu iliyooza, akaunga kwa risasi, akafunika vizuri, na akazisokota nyaya upya. Huko kusokotwa si urembo: kunasaidia kelele za umeme kutoka nje zisiharibu ujumbe. Akapima akapata 60, akatikisa, ikabaki 60. Akarudisha betri akapima volti: waya mmoja juu kidogo ya 2.5, mwingine chini kidogo ya 2.5, vile inavyotakiwa nyaya zikiongea. Akafuta kodi, wakaenda mpaka Donholm na kurudi. Kimya.

Sasa, kama ingekuwa ni mtoto anayemwaga stika, yaani moduli moja imeharibika na inapiga kelele kwenye njia nzima, angefanya kitu kingine: kuchomoa moduli moja moja akiangalia ni ipi ikitoka wengine wanaanza kusikilizana. Na kama stima inafika, njia ni nzima mpaka kwenye soketi ya ABS yenyewe, na bado haijibu, hapo ndipo unaweza kusema imekufa. Zinakufa, sikatai. Lakini hukumu hiyo ni ya mwisho, si ya kwanza.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hiyo 38,000. Tuseme angenunua. Ili kubadilisha moduli unavuta nyaya, unachomoa, unachomeka, unatikisa kila kitu. Kiungo kilichooza kinaweza kugusana vizuri tena. Gari linapona wiki moja. Fundi anaamini alikuwa sawa, mteja anaamini, na mwingine akija na U0121 anaambiwa, "Hii naijua, ni ABS." Makosa yanapata ushahidi. Ndivyo elimu mbaya inavyoenea kutoka gereji hadi gereji bila mtu yeyote kudanganya.

Halafu tuje kwetu sisi wateja, maana hatujapona. Mzee aliomba 3,500. Jirani yangu, mtu aliyekuwa anatafuta 38,000 asubuhi hiyo, akasema: "3,500 kwa nyaya mbili, mzee? Si umeunga tu?"

Hapo ndipo nilielewa kwa nini mafundi wengi hawapimi. Kipuri kinaonekana. Unakishika, kinakuwa na bei, na fundi anaongeza kidogo juu yake bila kelele. Saa moja ya kupima haishikiki. Tukikataa kulipia kupima, tunamwambia fundi kwa kinywa chetu kwamba njia pekee ya kula ni kutuuzia kitu. Halafu tunashangaa akituuzia.

Mzee hakubishana. Alimwambia, "Kuunga ni 500. Kujua pa kuunga ni hiyo ingine." Jirani akalipa, na Jumatatu deni lake likalipwa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mafundi wa mtaani, wekeni bei ya kupima ubaoni, ijulikane kabla kofia ya injini haijafunguliwa, na mteja alipe hata akienda kutengeneza kwingine. Multimita ya kawaida inatosha kuanzia, na hesabu ya 60 na 120 haihitaji digrii. Wanaoweka traka, acheni kukata nyaya msizozijua. Kuna gari la mtu na maisha ya mtu juu ya hiyo tepu.

Na wewe mwenye gari, ukiambiwa moduli fulani imekufa, usianze kupigia watu simu za kukopa. Uliza taratibu: betri ilikuwa ngapi? Ni moduli gani zinajibu na gani hazijibu? Stima inafika kwenye hiyo iliyonyamaza? Pini ya 6 na 14 zilisoma ngapi, na zilisoma ngapi ukitikisa? Fundi aliyepima atakujibu kwa namba, na pengine atafurahi kuna mtu ameuliza. Akikujibu kwa hasira, chukua ufunguo wako, sema asante, na upeleke pesa zako kwa mwenye multimita.