Moto Usio na Nguvu

Kismayu chumvi hailali. Msimu wa kusi huirusha kutoka baharini ikapita juu ya gati, ile iliyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, ikatua kwenye kila gari lililolala nje. Asubuhi dereva anashika njia ya Jamame kwenye mashamba ya ndizi. Vumbi la malori linaikuta chumvi kiooni, na wipa ikipita kavu hapo hukikwaruza kioo kabisa. Karakana yetu haikuyahesabu maji ya kioo kuwa pambo.

Mimi ni Mbajuni wa Chula, kisiwa kisichokuwa na gari. Wazee wangu ni watu wa mashua. Umeme wa magari niliujulia Kismayu, na kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa Land Rover Series III ya mkulima mmoja mtu mzima.

“Mzee, hebu bonyeza.” Wipa zilicheza, pampu ya maji kimya.

Katika gari lile waya wa kijani huleta moto uliopita kwenye fyuzi, wa kijani hafifu wenye mstari mweusi hutoka swichi kwenda pampu, na mweusi ni ethi. Kijana wangu akagusisha testa kwenye ule wa pampu, taa ikawaka.

“Fundi, moto upo. Pampu imekufa.”

Nikaichomoa pampu, nikaipa moto wa betri moja kwa moja. Ikazunguka vizuri. Nikairudisha, nikaiunganishia ethi mpya kutoka hasi ya betri, haikutikisika. Ndipo nikachukua balbu kuukuu ya taa kubwa, nikaiweka mahali pa pampu. Ikatoa wekundu hafifu, kama kaa lililofukiwa jivuni.

Balbu ya testa hula umeme kidogo mno. Hata uzi mmoja wa shaba unatosha kuiwasha. Pampu hutaka ampea kadhaa. Shaba ikishaliwa, taa ya testa bado huwaka, lakini ukiutwika waya mzigo, volti hupotelea njiani.

Plastiki ya nje ilikuwa safi. Niliukunja waya kidogo kidogo kwa vidole mpaka karibu na kiungio cha chini ya boneti, ukalegea pale. Kuuchuna, ndani unga wa kijani. Maji ya chumvi huingilia kwenye kiungio, yakapanda katikati ya nyuzi bila kuonekana nje. Nikakata, nikakata tena.

“Mwanangu, unanimalizia waya.”

“Mzee, shaba nyeusi haishiki risasi.”

Sikuacha mpaka nilipofika kwenye shaba inayong’aa. Nikaunga waya mpya, nikalehemu, nikafunika, kiungio nikakipaka grisi. Matundu ya kurushia maji nayo nikayazibua kwa sindano.

Vita vya Somalia vya 1991 vilinitoa Kismayu, nikaendelea na kazi Mombasa, ambako Land Rover za zamani bado zina wenyewe wanaozipenda. Vijana wa sasa wana mita nzuri. Wanaupima waya uliochomolewa, wanasoma volti 12, wanatangaza kuwa ni mzima. Nawarudisha. Pampu iunganishwe, mtu abonyeze swichi, ndipo mita iwekwe kati ya chanya ya betri na chanya ya pampu. Ikizidi nusu volti, waanze kutafuta, na waanzie kwenye kiungio cha chini kabisa, yanakodondokea maji.