Kutoka Lubumbashi Mpaka Pweto, na Kurudi



Wengi wenu munajua Pweto kwa samaki tu. Munaona chisense kavu sokoni, munaitia nyanya na kitunguu, munakula na bukari, basi. Lakini kule inakotoka samaki ile kuna njia, na njia ile inafaa mutu aione kwa macho yake. Mimi na bibi yangu tuliifuata siku kumi na moja, kwenda na kurudi, tukilala mu kamyoneti yetu.

Haiombi gari ya kitajiri. Kule Marekani wazee wakiisha kustaafu wananunua gari kubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, wanazunguka nayo milimani mwezi muzima, baba na mama wawili tu. Sisi tulitia matela nyuma ya kamyoneti, tukafunga bashi juu yake. Mukienda, bebeni mbabula na makala, bidoni za maji, mazutu ya akiba na pine mbili, maana moja haitoshi. Musisahau chandarua: kandokando ya ziwa mbu hana huruma. Muondoke wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9. Mvua ikianza, udongo unashika gari sawa mutego, na hapo mutalala njiani bila kupenda.

Mpaka Kasomeno muko na lami, safari ni raha. Pale njia inagawanyika: kuume inakwenda Kasenga, kwenye muto Luapula, kushoto ni ya Pweto. Kama muna nafasi mupite kwanza Kasenga mutazame muto. Wakati wa wakoloni, wachuuzi Wagiriki walikaa pale, wakituma samaki Elisabethville, na watu wa kambi za Union Minière wakalishwa nayo. Babu zetu waliochimba shaba walikula Luapula bila kuiona. Kulikuwa na samaki moja, mpumbu, iliyopanda muto kwa makundi wakati wa maji mengi ili itage. Watu walitega nyavu pale pale inapopita na mayai tumboni. Kabla ya mwaka 1950 ilikuwa karibu imemalizika. Baadaye, chisense ndogo ile ya usiku, inayofuata mwanga wa taa, ndiyo ikachukua nafasi yake sokoni.

Kutoka Kasomeno kwenda kaskazini, vumbi linaanza, na milima pia. Upande wa kushoto munaona Kundelungu, mulima mrefu uliolala, juu yake tambarare na majani tu. Mbuga ya taifa ilifanywa kule mwaka 1970, na upande wake wa pili maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya metre 300. Usiku wa pili tulisimama chini ya mulima, tukawasha mbabula. Baridi ya mwezi wa 6 si muchezo! Bibi alivaa makoti mawili, na mimi nikacheka, lakini kufika saa tisa za usiku niliomba moja.

Kilwa ni kilometa 350 hivi toka Lubumbashi. Ziwa Moero linajitokeza mbele yenu, maji mpaka macho yanachoka. Ng'ambo ni Zambia. Musipite Kilwa mbio. Mwezi wa 10 mwaka 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka muji ule. Askari walipoukomboa, watu zaidi ya 70 waliuawa. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba jamaa zao walipwe. Sisi watu wa muji wa migodi tunapaswa kujua jina lile. Tulizima moteri, tukaomba kimya, tukaendelea.

Mbele ni Lukonzolwa, iliyokuwa boma kubwa la Katanga mbele ya Elisabethville kujengwa mwaka 1910. Si mbali na pale ni Luanza. Dan Crawford, mumisionari aliyekuwa Bunkeya wakati wa Mfalme Msiri, alihamia kule kando ya ziwa baada ya Msiri kuuawa mwaka 1891. Watu wengi walimufuata. Alikaa pale na bibi yake Grace, akatafsiri Biblia katika Kiluba cha Basanga, akafa pale mwaka 1926. Bibi yangu alisema, «Huyu naye alihama na mizigo yake, lakini yeye hakurudi kukaa kwao.»

Alisema vile kwa sababu. Yeye ni Mubwile wa Pweto. Mwezi wa 12 mwaka 2000, wakati askari wa RCD na Rwanda walipouteka muji, alivuka Zambia pamoja na maelfu ya watu, akiwa na miaka 13. Baba yake alifia kwenye kambi ya wakimbizi. Yeye alikuja Lubumbashi, akaolewa, akazaa, na kila mara nikisema «twende kwenu» alijibu, «Baba watoto, kule nitamukuta nani?» Mwaka huu mama yake mukubwa, aliyerudi zamani, alituma sauti: mutu mumoja anataka kununua parsele ya baba, njoo mbele haijauzwa.

Tulifika mangaribi. Pweto iko kwenye kichwa cha ziwa, pale muto Luvua unapotoka kwenda kukutana na Lualaba kule Ankoro. Livingstone, aliyeona Moero mwezi wa 11 mwaka 1867, alifikiri maji haya yanakwenda Nile. Kumbe ni Kongo yetu. Bibi hakutazama muto. Alishuka, akatembea moja kwa moja, bila kuuliza njia, miaka yote ile! Mama mukubwa alikuwa anaanika mihogo. Bibi akapiga magoti, akapiga makofi kwa heshima. Muzee alimutazama, akamwita kwa jina la nyanya yake.

Mambo ya parsele yalichukua siku tatu mbele ya kapita na wazee. Munajua mambo ya parsele. Mununuzi alikuwa ameisha kutoa feza kidogo kwa mujomba mumoja. Ilibidi turudishe sisi, na ile ilikuwa feza yetu ya mazutu. Wazee waliandika karatasi kwa jina la bibi. Vijana, ninyi munaooana, muulizane kwenu ni wapi na karatasi iko kwa nani.

Kurudi tuliuza pine moja Kilwa ili tupate mazutu. Nyuma, juu ya matela, kulikuwa makapo manne ya chisense, na hatukulala tena ndani: tulilala inje, kando ya moto, na gari ikanuka mpaka Kasomeno. Chisense ililipa mazutu ile, na ikabaki kidogo. Mwaka kesho, mwezi wa 6, bibi anataka kupeleka watoto. Mimi ninatafuta pine.