Usilipe Hizo Puli Bado

Dongobesh, Mbulu

Mpwa wangu,

Picha za mashine ya kupasulia mbao unayojiundia hapo Katesh nimeziona. Reli zimenyooka na uchomeleaji wako sina la kuusema. Ila umeandika kwamba kuna jamaa anakuuzia puli na mikanda ya mashine ya kusaga kwa bei ya kutupa, na unataka kuzifunga kama zilivyokuwa. Kwa hilo, ngoja kwanza.

Kinu cha nyundo, yaani hiyo mashine ya kusaga, na msumeno wa kupasulia mbao huendeshwa na injini ya aina moja, lakini mahitaji yao yanapingana. Kinu kinataka kuzunguka kwa kasi kuliko injini, ndiyo maana puli kubwa hukaa kwenye injini na ndogo kwenye kinu. Msumeno unataka kinyume chake: ndogo kwenye injini, kubwa kwenye gurudumu linalovuta bledi.

Piga hesabu kuanzia kwenye bledi, urudi nyuma hadi kwenye injini. Bledi ya kupasulia magogo hufanya kazi vizuri ikienda mita 20 hadi 25 hivi kwa sekunde. Magurudumu yako yana kipenyo cha nusu mita, basi kila mzunguko unavuta bledi mita 1.57. Ukitaka mita 25 kwa sekunde, yaani 1,500 kwa dakika, gurudumu lizunguke mara 955. Injini yako ya S195 inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwa hiyo puli ya gurudumu iwe na kipenyo kama mara mbili ya ile ya injini. Weka milimita 150 kwenye injini na 300 kwenye gurudumu, bledi itakwenda mita 26. Grevilea na saipresi itazipasua bila taabu. Kama wateja wako wengi wataleta mikaratusi iliyokauka, chukua 350 badala ya 300, kasi ishuke hadi mita 22.

Sasa zifunge kama za kinu, 300 kwenye injini na 150 kwenye gurudumu: bledi inakimbia mita 105 kwa sekunde. Hapo hakuna mbao, kuna msiba.

Utaniuliza kwa nini usinunue ya 75 na ya 150, maana uwiano ni uleule na bei ni ndogo. Mkanda wa aina ya B hautaki kukunjwa kwenye puli iliyo chini ya milimita 125. Hupasuka kwa ndani mapema. Tena puli ikipungua nusu, mkanda unalazimika kuvuta mara mbili kwa nguvu ileile ya injini, na hapo ndipo unapoteleza na kunuka mpira ulioungua.

Soma mgongo wa mkanda kabla ya kulipa. A una upana wa milimita 13, B 17, C 22, na namba inayofuata herufi ni urefu wa ndani kwa inchi. Kwa farasi 12 nunua mitatu ya B, chapa moja, siku moja. Huku kwetu juu injini haitoi farasi zake zote, kwani kila mita 1,000 za mwinuko hula karibu sehemu moja ya kumi. Lakini usipunguze mikanda kwa sababu hiyo: injini ya pistoni moja huvuta kwa kushtua, na mishtuko ndiyo inayoua mikanda. Mmoja ukifa, badilisha yote mitatu. Mpya ukichanganywa na iliyovutika hubeba mzigo peke yake.

Puli za jamaa huyo zikague kwa tochi ya simu. Kuta za mfereji ziwe zimenyooka. Zikiwa zimebonyea, au ukiona chini ya mfereji panang'aa, mkanda ulishaanza kukaa chini badala ya kubana ubavuni. Hizo mwachie, au umpe fundi wa kukereza azisawazishe kama chuma kinatosha.

Ukishafunga, vuta uzi upite kwenye nyuso za puli zote mbili. Uguse kingo zote nne. Acha nafasi ya kusogeza injini. Kama umbali kati ya shafti ni kama milimita 700, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba: uingie sentimita moja hivi. Mikanda mipya hulegea, hivyo ikaze tena baada ya saa chache za kazi. Mkanda ukiteleza usiupake lami wala mafuta. Kaza, au tafuta kasoro.

Kinga ya bati iwepo kabla ya gogo la kwanza. Huko Hanang watu hupita na shuka zao begani, na kila mmoja atataka kusogea aone. Mkanda ukidaka ncha ya shuka haukupi muda wa kuzima injini.

Mwisho, magogo. Pasua miti ya mashambani yenye vibali, vya kukata na vya kusafirisha. Gogo la msitu wa Nou au la mlima Hanang likiletwa usiku, lirudi usiku huohuo, hata likija na bei nzuri. Baada ya tope lililoshuka Katesh Desemba 2023, wewe si wa kuhubiriwa habari za miti ya mlimani.

Nitumie vipimo vya puli utakazopata kabla hujatoa fedha, tupige hesabu pamoja.

Mjomba wako