Alikotoka Babu Yake Livingstone

Safari ya kwenda Ulva hupangwa kinyumenyume. Huanzi na tiketi ya ndege. Unaanza na boti ya mwisho ya jioni, ile itakayokurudisha ng'ambo, halafu unarudi nyuma kituo kwa kituo mpaka ufike mlangoni kwako. Ratiba niliyopewa ilisema Jumamosi boti haivuki. Basi dogo la wanakijiji linalokufikisha kwenye gati sharti uliombe mapema kwa simu. Meli ya kutoka mji wa Oban kwenda kisiwa cha Mull hutumia kama dakika 50, ila upepo ukichachamaa safari huahirishwa, na hakuna wa kumlalamikia. Kabla ya hapo kuna treni ya Glasgow hadi Oban, mwendo wa saa tatu hivi, kando ya maziwa na milima. Ukikosa kimoja, umekosa vyote.

Ulva ni kisiwa kidogo kilichojibanza ubavuni mwa Mull, katika visiwa vya Hebrides, magharibi mwa Scotland. Urefu wake ni kilomita 12 hivi. Hakina lami hata shubiri moja, na mgeni havuki na gari. Wengi wanaofika Mull hukipita wakikimbilia Staffa kutazama pango la Fingal na nguzo zake za mawe, au Iona, ambako mtawa Columba alitua kutoka Ireland mwaka 563 akajenga monasteri. Vyote viwili nilivipa mgongo. Shughuli yangu ilikuwa Ulva.

Nimezaliwa Bagamoyo. Pale Misheni, kwenye kanisa la zamani, kuna mnara ambao kila mtoto wa mji anaujua kwa jina la David Livingstone, yule daktari na mpelelezi. Februari 1874 mwili wake ulilazwa pale, ukiwa umekaushwa kwa chumvi na jua na kuviringishwa kwa kitambaa na gome la mti, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London kuzikwa. Waliouleta ni Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao. Walitoka nao kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa miezi kama tisa. Moyo wake waliuzika huko huko, chini ya mti.

Bibi yangu, ambaye wazee wake walikuwa wapagazi, hakuvutiwa na habari za mito na maziwa aliyoyatembelea mtu huyo. Kila tuliporudi kutoka shule na somo lile alikuwa na swali moja: "Huyo mzee wenu, hana kwao mpaka abebwe na watoto wa watu?" Tulimjibu kwamba kwao ni Uingereza. "Uingereza ni kubwa, mjukuu wangu," alisema. "Nauliza kwao kwao."

Jibu lake Livingstone alilitoa mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1857. Baba wa babu yake aliuawa katika vita vya Culloden, mwaka 1746. Babu yake, Neil, alikuwa mkulima mdogo Ulva, mzee aliyeweza kusimulia habari za vizazi sita vya ukoo wake. Shamba lilipokuwa halilishi tena familia, mwaka 1792 Neil alihamia Blantyre, karibu na Glasgow, kwenye kiwanda cha pamba. Huko ndiko David alikozaliwa mwaka 1813, na huko aliingia kiwandani kufanya kazi akiwa na miaka 10. Kwao kwao, basi, ni Ulva.

Fomu ya viza haina mahali pa kuandikia swali la bibi. Kwenye sababu ya safari niliandika utalii, nikaambatanisha karatasi za benki, nikasubiri. Mwezi niliuchagua kwa makini: Mei. Kuanzia Juni usubi hutoka kwenye majani yenye unyevu, wakaingia puani, masikioni na chini ya kola, na wenyeji wenyewe huwakimbia. Mei jua linachelewa kuzama hadi karibu saa nne usiku, na usubi bado hawajashika zamu. Mvua haina mwezi wake, kwa hiyo koti lilikwenda mkobani bila mjadala.

Barabara ya kutoka upande wa mashariki wa Mull ni ya gari moja, na kila baada ya hatua kadhaa kuna kijiuga cha kupishana. Dereva wetu alimpungia mkono kila aliyempisha. Barabara ilipoishia tulikuta gati, mlangobahari mwembamba, na Ulva ng'ambo ya pili, karibu kiasi kwamba ungeona kama kuna nguo zimeanikwa. Kwenye ukuta kuna ubao mweupe wenye kibao cha kusukuma. Unakisukuma pembeni, chini yake panatokea rangi nyekundu, na mwenye boti aliye upande wa pili akiona wekundu anajua kuna mtu. Nilisukuma. Muda si muda injini ikanguruma, boti ndogo ikaja, tukavuka kwa dakika chache.

"Umetoka mbali?" aliniuliza akiifunga kamba.

"Bagamoyo, Tanzania."

Akanitazama tena. "Basi umemfuata daktari."

Mbele ya gati kuna nyumba ya chakula inayouza chaza waliofugwa papo hapo, na jirani yake nyumba ya Sheila, kibanda cha mawe kilichoezekwa kwa majani, alimoishi mwanamke mkamua ng'ombe hadi katikati ya karne iliyopita. Sasa ni makumbusho. Juu kidogo limesimama kanisa lililochorwa na Thomas Telford, yule mhandisi wa madaraja, likajengwa mwishoni mwa miaka ya 1820. Ukubwa wa kanisa ndio uliokuwa ushahidi wangu wa kwanza. Hakuna anayejenga kanisa la namna ile kwa ajili ya kaya tano.

Nikashika njia ya kusini. Inapita kwenye msitu mdogo, halafu inafunguka kwenye miteremko ya kangaga, bahari kushoto, kulia magenge ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano za kale. Paa wakubwa wekundu walinitazama, wakaendelea kula. Vitabu vya watalii huita sehemu kama hizi pori. Mtu aliyelelewa na wakulima ataona kitu kingine: kuna matuta. Yamelala sambamba kwenye mteremko, yamefunikwa majani, mgongo baada ya mgongo hadi karibu na maji. Ni matuta ya viazi. Watu waliyainua kwa jembe la mkono kwenye udongo mwembamba, wakayarutubisha kwa mwani waliobeba mgongoni kutoka ufukweni. Ukishayaona mara moja, huwezi tena kuliona pori.

Ormaig, kijiji kilichobaki magofu, ni mwendo wa saa moja na ushee kutoka gatini. Nilihesabu kuta mpaka nikachoka. Nyumba hazina paa lakini nyingi bado zina mlango, na niliingia katika moja kwa kuinamisha kichwa. Ukuta ulikuwa mnene kuliko urefu wa mkono wangu, safu mbili za mawe zilizojazwa kokoto na udongo katikati, pembe zake zimeviringwa ili upepo upite bila kupata pa kushika. Ukutani kuna kishimo cha mraba, cha kuwekea taa au kikombe. Ndani yake nilikuta sufu ya kondoo. Sakafuni palijaa majani ya kuwasha, yale yanayopenda kuota mahali palipowahi kukaa watu na mifugo yao.

Kisa cha kuta hizi kinaanza na mwani. Ukoo wa MacQuarrie, uliotawala Ulva kwa karne nyingi, ulikiuza kisiwa mwaka 1777 kwa sababu ya madeni. Wakati huo viwanda vya kioo na sabuni vilikuwa vikitafuta magadi, na mwani uliochomwa ukawa jivu lilikuwa chanzo kizuri. Vita vya Ulaya vilipozuia bidhaa za nje, bei ilipanda. Wenye ardhi wakataka watu wengi wa kukata na kuchoma mwani. Watu wakajazana kwenye vipande vidogo vya ardhi, wakila viazi. Amani iliporudi na ushuru wa bidhaa za nje ukapunguzwa, bei ikaanguka. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, kule Unguja, hahitaji kuelezwa hapa zaidi.

Mwaka 1835 kisiwa kilinunuliwa na mwanasheria, Francis William Clark. Mwaka 1846 ukaja ugonjwa wa viazi, chakula kikaozea matutani. Clark alipiga hesabu akaona kondoo wanalipa kuliko watu. Mwaka 1851 alimweleza mchunguzi wa serikali, bila kuona haya, kwamba watu takriban 500 aliowakuta sasa walikuwa 150. Husimuliwa kwamba waliokaidi waliona mapaa ya nyumba zao yakichomwa moto. Baadhi ya wazee wasio na pa kwenda walisogezwa kwenye safu ya vibanda karibu na kivuko, wakaishi kwa kubandua kombe kwenye miamba. Mahali hapo pakaitwa Safu ya Njaa, na ramani za wapanda milima bado zinapaonyesha.

Babu yake Livingstone aliondoka zaidi ya nusu karne kabla ya haya, kwa miguu yake. Lakini mjukuu aliyaona. Mwaka 1864, aliporudi kutoka safari ya Zambezi, alifika Ulva kutafuta nyumba ya ukoo, akakuta kuta tu. Nilipafuata mahali penyewe, chini ya genge, si mbali na pango linaloitwa kwa jina lake, ambamo wachimbaji wa mambo ya kale walikuta lundo la magamba ya kombe walioliwa maelfu ya miaka iliyopita. Panaangalia kusini. Upepo hapafiki. Aliyepachagua alijua kujenga.

Hapo ndipo nilipotaka kumjibu bibi, na jibu likawa gumu kuliko nilivyotarajia. Muda mfupi kabla ya kusimama hapa Livingstone alikuwa bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo, na aliandika kwa uchungu juu ya vijiji alivyoviona vimeachwa tupu na wakamata watumwa. Kutoka vijiji vile akaja kwenye kijiji hiki. Si kitu kimoja, na anayevifananisha anapotosha: Ulva hakuna aliyefungwa minyororo wala kuuzwa sokoni. Ila macho yaliyoona kuta za Shire ndiyo yaliyoona hizi. Vitabu tulivyosomeshwa vilimleta Livingstone kwetu kama mtu atokaye mahali palipokamilika kwenda mahali palipopungukiwa. Havikutuambia kwamba kwao kwao palikuwa pameshafagiliwa watu, kwa kalamu na hati ya ardhi, na wale waliofagiliwa wakapakiwa kwenye meli za Kanada na Australia, ambako wao nao waliingia kwenye ardhi za watu wengine.

Tena kuna jambo la majina. Bagamoyo mnara una jina la aliyebebwa. Wabebaji, ukiacha watatu au wanne, wamepotea. Ulva ni vivyo hivyo. Pango lina jina lake, na Ormaig inatajwa kwa sababu ya Lachlan Macquarie, aliyekuja kuwa gavana wa New South Wales, Australia, na ambaye husemekana alizaliwa hapo. Nyumba niliyoingia, yenye kishimo cha taa, haina kibao.

Lakini Ulva si kaburi. Juni 2018, kwa kutumia sheria ya Scotland inayowapa wanajamii haki ya kununua ardhi wanayoishi inapouzwa, wakazi wa kaskazini magharibi mwa Mull walikinunua kisiwa chote kwa zaidi ya pauni milioni 4. Sehemu kubwa ilitoka kwenye mfuko wa ardhi wa serikali. Pauni 500,000 zilitoka Macquarie Group, taasisi ya fedha ya Australia inayobeba jina la yule gavana. Wakati huo kisiwani walibaki wakazi wapatao sita. Tangu hapo nyumba zimekuwa zikikarabatiwa na familia mpya zimehamia.

Jioni, nikisubiri boti, nilikaa na mmoja wa wahamiaji hao, mwanamke mwenye matope hadi magotini, aliyekuwa akishusha mabomba kutoka kwenye trela. Nilimuuliza kama hajisikii vibaya kuishi kati ya kuta zile. Alifikiri kidogo.

"Ingekuwa vibaya zaidi kama tusingekuja," alisema. "Watu huja wakaniambia wanapenda kisiwa kwa sababu hakina watu. Nawaambia waende Ormaig kwanza."

Nikamuuliza kinachowasumbua ni nini hasa: upweke, baridi, au historia?

"Fundi bomba," alinijibu. "Akisikia ni Ulva, anadai boti imemwacha."