Usiku wa Tatu Wodini

Mwaka 1986 nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya mkoani Kilimanjaro. Fundi seremala mmoja alilazwa kwetu kwa kuvunjika mguu. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka na jasho likamtoka, na huo ulikuwa Julai, mwezi wa baridi. Kesho yake jioni alianguka kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Usiku wa tatu akaanza kuokota vitu kwenye shuka: anabana kitu kati ya kidole gumba na cha shahada, anakitupa sakafuni, anarudi kuokota kingine.

“Sista, hawa siafu wataniingia kwenye bandeji!”

Shuka ilikuwa tupu. Ndugu zake wakasema ni pepo, wakamfunga kitandani kwa vitenge. Wenzangu wakasema malaria imepanda kichwani, maana homa ilikuwepo; lakini damu ilipimwa mara mbili, vijidudu havikuonekana.

Tabibu wetu, mzee aliyeanza kazi kabla ya Uhuru, alimgeukia mke.

“Mama, mzee anatumia pombe?”

“Kidogo tu, baba.”

“Na asubuhi, kabla ya chai?”

Yule mama alinyamaza, kisha akasema: “Asipoonja gongo asubuhi, hawezi kushika kikombe.”

Pombe hupoza ubongo, na ubongo wa anayekunywa kila siku kwa miaka hujizoeza kwenda mbio ili kushindana nayo. Ikikatwa ghafla, mbio zinabaki bila breki. Mtetemeko huanza saa chache baada ya tone la mwisho, kifafa mara nyingi ndani ya siku mbili, kuweweseka kati ya siku ya pili na ya nne. Huko kuweweseka huua kusipotibiwa. Mguu ulimleta hospitali, na kitanda kikamtenga na chupa. Karatasi yetu ya kulaza haikuwa na swali hata moja la pombe.

Tabibu aliamuru vitenge vifunguliwe na taa iachwe ikiwaka, kwa sababu gizani siafu huongezeka. Akamchoma diazepamu miligramu 10, polepole, ndani ya mshipa, akarudia mpaka mgonjwa akasinzia, huku tukimhesabia pumzi. Nilipochukua dripu ya sukari akanizuia: vitamini B1 kwanza. Mnywaji sugu huwa ameishiwa nayo, na sukari ikitangulia inaweza kumaliza akiba iliyobaki, ubongo ukadhurika, kumbukumbu zisirudi.

Siku ya sita aliniuliza jina langu.

Siku ya kuruhusiwa, mke aliapa kwamba gongo haitaingia tena nyumbani. Tabibu alimsihi: akirudia kunywa kisha akataka kuacha, asikatishwe nyumbani usiku mmoja. “Mlete kwanza.”

Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, bado ananuka gongo. Aliomba kitanda, akasema amekuja kuacha.